Gari la Mlangoni kwa Twilumba

Aliyeliona kwanza ni Ambilikile, na aliliona kwa sababu alikuwa ameingia vichakani kujisaidia. Alirudi anafunga mkanda, akasema kwamba juu ya chemchemi ya Idunda, hatua kama hamsini hivi, kuna gari limelala chini ya miba, tena si la jana wala juzi.

Twilumba Mgaya alichukua begi lake la kazi akamfuata. Alikuwa msaili wa magari wa Halmashauri ya Mji wa Ndalila, na kwa miaka tisa alikuwa ameyahoji magari zaidi ya mia tatu yaliyotelekezwa mitaroni, makaburini na nyuma ya masoko. Ambilikile alikuwa bwana afya, amebakiza mwaka mmoja astaafu, mtu wa maneno mengi na magoti mabovu. Walitumwa Idunda kutafuta kitu kimoja tu, mahali inapotokea sumu. Tangu Machi kata nzima ilikuwa inakunywa maji ya boza. Wataalamu walishasema ni risasi, ile ya kwenye betri, na chemchemi ilishasafishwa mara mbili, lakini kila mvua iliponyesha sumu ilirudi kama mgeni aliyesahau kofia. Watoto kumi na mmoja walikuwa wodini, na wawili kati yao walikuwa wameanza kusahau majina ya ndugu zao.

Kwa hiyo alipoliona lile gari, Twilumba alifurahi. Ni aibu kulisema sasa, lakini alifurahi kabisa, akamwambia Ambilikile kwamba leo mtu atakiona cha mtema kuni.

Lilikuwa pikapu, limepakwa rangi ya kijani kwa brashi, kazi ya mtu mwenye haraka. Tairi zilikuwa zimekaa chini. Nyuma kulikuwa na mapipa sita yaliyolala ubavu, na kutoka hapo majani yalikuwa yamekufa kwa mstari mmoja, ukiteremka mpaka majini. Ambilikile alivaa glavu akachungulia pipa moja, akatema mate pembeni.

Twilumba alifungua boneti. Kisanduku kilikuwa mahali pake, ukubwa wa tofali, kimeota kutu pembeni tu. Kila gari lililoingia nchini kwa miaka ishirini iliyopita lilikuwa nacho. Ndicho kilichokumbuka gari ni la nani, limesimama wapi, na kila liliposimama uzito wake umepungua kwa kilo ngapi. Viwandani kiliwekwa kwa ajili ya mafundi. Ndalila ndio waliokipa sauti, na ukitaka kusema kweli, aliyekipa ni Twilumba mwenyewe, akiwa bado kijana, katika chumba kimoja cha nyuma pale halmashauri kilichokuwa kinavuja.

Aliunganisha nyaya kwenye betri yake ya mkononi, akangoja taa iwake, akauliza maswali ya sheria.

"Wewe ni nani?"

Gari lilisema ni pikapu ya miaka kumi na saba, na kwamba lilizimwa mara ya mwisho tarehe kumi na moja Februari.

"Ni wa nani?"

"Wa Twilumba Mgaya, kwa kidole gumba cha kulia. Nilihamishiwa kwake tarehe nne Novemba kutoka kwa marehemu Yohana Mgaya."

Ambilikile alicheka kwanza. Alidhani ni majina kufanana, akaanza kumtania kwamba mji huu sasa una Twilumba wawili na kazi itakuwa nyepesi. Halafu akamwona uso, akaukatiza utani katikati.

Yohana Mgaya alikuwa baba yake. Pikapu yake ilikuwa nyeupe, na baada ya mazishi kaka yake mkubwa, Luhanjo, aliwaambia wote kwamba ameiuza kwa mtu wa Songea. Twilumba alikwangua ile kijani kwa ukucha pembeni mwa mlango. Chini yake kulikuwa na nyeupe.

*

Ndalila haikufungi jela kwa sababu ya taka wala haikutozi faini. Inakurudishia. Kila chupa na kila pakiti ina uzi wake unaotaja mnunuzi, na ukitupa ovyo, vile vyombo vidogo vya kuruka ambavyo watu wanaviita kunguru vinaokota na kukuletea nyumbani. Mwaka wa kwanza mke wa diwani mmoja aliamka akakuta nepi za mjukuu wake zimening'inia getini, zote ishirini na mbili, na tangu hapo mji ukawa msafi kuliko sebule za watu.

Magari yalikuwa na adhabu yake. Gari lililotelekezwa linawekwa mlangoni kwa mwenyewe kwa mwaka mzima, na kila siku saa moja asubuhi, watu wakiwa wanakwenda makazini, linasema ni la nani, lilibeba nini na liliachwa wapi. Kama mwenyewe ana kazi ya umma, anaipoteza siku hiyo hiyo. Na mwenye gari ni mwenye kidole, basi, labda aliyeliendesha ajitokeze mwenyewe. Kifungu hicho Twilumba alikitunga mwenyewe, kwa kuwa alichoka kusikia kila mtu akisema ni dereva, ni dereva. Mwalimu Kisinda, mstaafu, alipokuja kumlilia kwamba mwanawe alimbonyezesha kidole akiwa hajitambui kwa malaria, Twilumba alimjibu kwa upole kabisa kwamba kidole ni kidole, Mwalimu. Yule mzee hakuumaliza mwaka, alihama mji. Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na hawakumaliza methali yao bure.

Sasa alikaa kwenye jiwe pale Idunda akijaribu kukumbuka hicho kidole chake alikitoa lini.

Hakuhitaji kukumbuka sana. Ilikuwa siku ya tatu ya msiba. Kwao mfiwa hasomi. Ukiwa umekaa mkekani, msimamizi wa mirathi akakuletea karatasi, unabonyeza, kwa sababu kusoma karatasi za marehemu kabla udongo haujakauka ni kumhesabia mali yake akiwa anasikia. Mwanamke ambaye hakuwahi kupitisha kifungu cha sheria bila kukisoma mara nne alibonyeza mara saba bila kutazama. Luhanjo alikuwa amepiga magoti mbele yake, mkono mmoja umeshika kidau cha wino na mwingine unamshika kichwa, na yeye alikuwa ameegemea bega la kaka yake analia.

"Nani alikuacha?" aliuliza mwishowe.

Gari lilijibu kwamba jina la dereva na maongezi ya ndani ni siri mpaka mwenye sauti aridhie, ila msaili anaruhusiwa kusikia. Kifungu hicho nacho alikipigania yeye, maana watu waliogopa magari yatakuwa majasusi, na aliapa mbele ya baraza zima kwamba hakuna sauti ya mtu itakayotoka bila ridhaa yake. Alivaa vipokea sauti masikioni.

Luhanjo alikuwa anazungumza na mkewe kwenye simu, mapipa yanagongana nyuma. Mkewe alikuwa anaogopa. Luhanjo akamwambia atulie.

"Likionekana litamtaja Twilumba. Na anayeyahoji magari mji huu ni nani? Si yeye? Atalizima. Yule nimemlea mimi, hawezi kuniangusha."

Mkewe aliuliza, na asipolizima? Luhanjo akacheka kidogo.

"Twi? Mimi simjui Twi?"

Twilumba alivua vile vipokea sauti akaviweka juu ya jani la mgomba pori, taratibu, kama kitu cha moto. Kuwekewa jina kwenye gari la mtu mwingine kungemuuma, angelia, angesamehe. Hili lilikuwa lingine. Kaka yake alikuwa amekaa akapima upendo wake, akaona unatosha kuficha mapipa nyuma yake. Alimchagua yeye kwa sababu alikuwa anapendwa naye.

Kuzima kulikuwepo kweli. Msaili alipewa kitufe kimoja chekundu kwa ajili ya visanduku vilivyooza, vinavyotaja watu waliokwisha kufa au vinavyoropoka tu. Ukikibonyeza, kumbukumbu zote zinafutika na gari linakuwa chuma tu, halina mtu. Usipobonyeza chochote, saa kumi na mbili jioni kisanduku chenyewe kinatuma majibu halmashauri. Ilikuwa saa sita na nusu mchana.

"Mwanangu," Ambilikile alisema, anatazama upande wa chemchemi, "mimi nilikwenda kujisaidia. Sijasikia kitu. Ukisema kisanduku kimeoza, kimeoza."

Twilumba alimshukuru. Halafu akafungua njia za gari, zile ambazo si siri ya mtu, akaona lilisimama mara kumi na tisa likiwa limejaa na kuondoka tupu. Sita zilikuwa hapo Idunda. Nane zilikuwa shimoni nyuma ya zahanati ya Mwaya. Tano zilikuwa kwenye mfereji wa bustani ya shule. Maeneo hayo mawili hakuna aliyekuwa anayajua. Kwa miezi yote hiyo watu walikuwa wanasafisha chemchemi iliyokuwa inajazwa kutoka juu, na watoto wanalishwa mchicha wa shule. Akifuta kisanduku, anafuta na mashimo.

*

Luhanjo alikuwa anakula. Mkewe Sekela alimpokea Twilumba mlangoni, akamwambia, wifi, mbona hukupiga simu tukuwekee chakula, lakini macho yake hayakukaa usoni mwa mgeni. Akaenda kuleta sahani nyingine. Twilumba alikaa kwenye kiti cha mlangoni, hakunawa.

Luhanjo aliona kwamba hakunawa. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, mwenye karakana ya kupasua betri chakavu huko nyuma ya nyumba. Aliacha shule darasa la saba ili mdogo wake asome, na hilo halikuwa uongo, mji mzima ulilijua. Twilumba hakuwahi kumwita kwa jina lake maishani mwake. Alikuwa Kaka tu, hata kwenye simu yake ameandikwa Kaka.

"Kaka, gari la baba ulimuuzia nani?"

Alimega tonge, akalitazama, akalirudisha.

"Limeonekana, eh."

Hakukana. Labda hilo ndilo lililomuumiza zaidi Twilumba, jinsi alivyokuwa ametulia, kama mtu ambaye alikuwa anangoja fundi aje. Alieleza kwa sauti ya kawaida kwamba uwanja wa betri wa halmashauri unapokea kumi kwa siku na karakana yake inapasua sitini. Aliandika barua tatu, hakuna aliyejibu. Akaanza kidogo kidogo, anakwenda alfajiri, anamwaga, anarudi. Alifikiri ardhi itayameza. Kuhusu watoto wa Idunda alisema anawaombea kila Jumapili, na Twilumba aliamini kwamba anawaombea kweli.

"Pipa la kwanza ulimwaga lini?"

Luhanjo alimtazama mkewe aliyesimama na sahani. "Oktoba."

"Baba yuko hai."

"Baba alikuwa hai, ndiyo."

"Kwa hiyo ulipokuja na wino pale mkekani, ulikuwa unajua."

"Nilijua."

"Nilikuwa nimekuegemea, Kaka."

"Ndiyo maana nilikuja kwako," alisema Luhanjo, na sauti yake ilikuwa na upendo, hilo ndilo ambalo Twilumba hakuweza baadaye kumweleza mtu. "Ningempa nani mwingine? Mtu baki angenitaja."

Sekela aliweka ile sahani mezani akaingia chumbani. Twilumba alijaribu. Alimweleza kuhusu mashimo mawili, kwamba hawezi kuyafuta, hata kama angetaka kumficha. Alimwambia iko njia moja tu ya yeye kutobeba mzigo huu peke yake, nayo ni Luhanjo aridhie sauti yake isikike, au asimame kesho mbele ya gari aseme ni mimi niliyeliendesha. Gari litawekwa mlangoni kwa Luhanjo badala ya kwa Twilumba. Ni mwaka mmoja. Watu watasema, halafu watachoka, kama wanavyochoka na kila kitu.

Luhanjo alisikiliza mpaka mwisho. Alisema ana watoto wanne shuleni, na jina la baba yao litasemwa kila asubuhi wakiwa wanapita na madaftari. Alisema yeye Twilumba hana mtoto. Alisema kama shida ni mashimo, atayafukua mwenyewe polepole bila mtu kujua. Twilumba alimuuliza, polepole mpaka lini? Luhanjo aliisukuma sahani yake pembeni.

"Bonyeza, Twi. Ni kidole kimoja tu. Mchuma janga hula na wa kwao, hilo lipo tangu zamani."

"Lipo, ila hukuniita kula. Ulinilisha nikiwa nalia."

Alitoka. Alipofika kwenye pikipiki yake alilia kwa hasira, analia na kujitukana mwenyewe, kwa sababu alikuwa amegundua kwamba njia nzima ya kuja pale alikuwa anaamini kaka yake atakana. Atasema si mimi, umesikia vibaya, ni mtu ameiga sauti. Alikuwa tayari kuamini chochote. Ilikuwa saa tisa na robo. Alitoa kifaa chake begini, akapita kile kitufe chekundu, akabonyeza kuthibitisha bila kungoja jioni.

Saa kumi na moja vijiko vya kuchimba vilikuwa nyuma ya zahanati ya Mwaya. Ambilikile alimpigia simu kumwambia wamelikuta shimo, kina chake urefu wa mtu, na kwamba bustani ya shule imefungiwa kamba. Halafu akasema Mkurugenzi ameagiza Twilumba arudishe begi.

*

Gari lililetwa asubuhi na lori la halmashauri, bado saa moja haijafika. Waliliosha kwa maji, ile kijani ikatoka vipande vipande, likasimama mlangoni kwake jeupe nusu na kijani nusu. Watu walikuwa wamejaa. Wengine walikuwa na jamaa zao wodini, na hao walimtazama tu. Wengine walikuja kwa raha zao, maana msaili kuhojiwa si jambo la kila siku. Mwanamke mmoja alisema sheria ni msumeno, akaitikiwa.

Luhanjo alifika na Sekela. Sekela alikuwa amebeba hotipoti la chakula, kama anavyofanya mtu akienda msibani, na Luhanjo alipita katikati ya watu akipokea pole kwa mikono miwili. Pole, Mgaya. Mmepatwa. Alijibu kwamba wameshapoa, ni mapito, yule ni mdogo wake na hatamwacha. Alikwenda akasimama nyuma ya Twilumba, akamwekea mkono begani. Ulikuwa mkono wa joto, mzito, ule ule. Watu waliona wakasema huyo ndiye kaka.

Mtendaji wa Mtaa, mama mmoja mfupi wa miwani aitwaye Bi Tuntufye, alikuwa hapendi kazi ile ya asubuhi hiyo. Aliwahi kufundishwa sheria za magari na Twilumba mwenyewe. Alifungua karatasi akasoma haraka. Kisha akafika pale ambapo sheria inataka aulize mara tatu, kama msibani watu wanapoulizwa nani ana neno na marehemu, iwapo yupo aliyeliendesha gari hilo atakayesimama badala ya mwenye kidole.

Aliuliza mara ya kwanza. Sekela aliangalia hotipoti lake.

Aliuliza mara ya pili. Twilumba hakugeuka. Alikuwa anahesabu vidole vitano vilivyokuwa juu ya bega lake, na bado, Mungu amsamehe, bado alikuwa anangoja. Alifikiri hata kama asingetaka kusema, mkono utatetemeka. Mkono haukutetemeka.

Bi Tuntufye aliuliza mara ya tatu, na kama ilivyo desturi aliinua macho kumtafuta mkubwa wa familia, ili ajibu kwa niaba ya wote.

"Hakuna," alisema Luhanjo.

Bi Tuntufye akaandika. Watu wakaanza kuguna na kujipanga vizuri kulisikiliza gari. Twilumba aliinua mkono wake wa kulia, akashika ule mkono uliokuwa begani, akautoa bila nguvu, kama unavyoutoa mkono wa mtu aliyelala. Akageuka. Ambilikile, aliyekuwa amesimama karibu na tairi, anasema hajawahi kumwona mtu akiwa na heshima kiasi kile.

"Asante kwa kufika, Bwana Mgaya," alisema Twilumba. "Nenda nyumbani sasa. Watoto watachelewa shule."

Walikuwepo watu kama sitini pale, na wote walisikia alivyomwita. Sekela alianza kulia. Luhanjo alimtazama mdogo wake kama mtu aliyesikia vibaya na anayengoja arudiwe. Twilumba alikuwa ameshampa mgongo. Luhanjo aliendelea kungoja, mikono imening'inia, mpaka saa moja ilipogonga na gari likaanza kusema.